Kiunzi Ndani ya Uti wa Mgongo: Uchambuzi wa Majaribio ya INSPIRE

Oktoba 2014, katika taasisi ya Barrow mjini Phoenix, Arizona, madaktari wa upasuaji wa neva walipandikiza kipande cha polima chenye upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 10 ndani ya uti wa mgongo wa mgonjwa aliyekuwa amevunjika pingili na kupooza kabisa kuanzia usawa wa T11, yaani pingili ya kumi na moja ya kifuani, kwenda chini. Kilikuwa kiunzi cha kwanza cha polima inayofyonzwa na mwili kuwekwa kwa binadamu mwenye jeraha jipya la aina hiyo. Baada ya miezi mitatu, mgonjwa ambaye hakuwa na hisia wala mwendo wowote katika sehemu za chini alipimwa upya, na jeraha lake likahesabiwa kuwa si kamili tena: mpaka wa jeraha ulishuka hadi L1, mwanzoni mwa kiuno, na daraja likapanda kutoka A, yaani kupooza kabisa, hadi C, ambapo mwendo kidogo umerudi. Machi 2023, kampuni iliyotengeneza kifaa hicho, InVivo Therapeutics ya Cambridge, Massachusetts, ilitangaza matokeo ya INSPIRE 2.0, jaribio la pili la kifaa hicho, lililowagawa wagonjwa kwa nasibu katika makundi mawili. Katika kundi lililowekewa kiunzi, wagonjwa wawili kati ya kumi walipanda daraja. Katika kundi lisilowekewa, walipanda watatu.

Wengi wamekisoma kisa hiki kama hadithi ya kifaa kilichoshindwa. Mimi nakisoma tofauti kidogo. Kwa maoni yangu, kilichoshindwa zaidi ni namna swali lilivyoulizwa, na kasoro hiyo ilionekana mapema katika hatua zilizotangulia, kwa yeyote aliyekuwa tayari kuhesabu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Pingili inapovunjika na kuubana uti wa mgongo, uharibifu wa kwanza hutokea ndani ya sekunde chache: mishipa midogo ya damu hupasuka, na aksoni, yaani nyuzi ndefu zinazopitisha ujumbe kati ya ubongo na viungo, hukatika au kuvutwa kupita kiasi. Uharibifu wa pili huchukua saa, siku na majuma. Damu inavuja, uvimbe unaongeza shinikizo ndani ya utando usiotanuka, seli zinazokufa zinamwaga kemikali zinazoziua seli jirani, na chembe za kinga zinaingia kusafisha na wakati huohuo kubomoa. Mwishowe katikati ya jeraha hubaki shimo lenye majimaji, na kando yake astrosaiti, yaani seli saidizi za mfumo wa neva, hujenga kovu lenye molekuli zinazozuia aksoni kusonga mbele. Kovu hilo si adui mtupu, kwa kuwa huzuia uharibifu kuenea, lakini likishajengeka haliachi njia ya kupita.

Ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba aksoni za mfumo mkuu wa neva hazina uwezo wowote wa kukua tena. Mwaka 1981, Samuel David na Albert Aguayo, wakifanya kazi Montreal, walionyesha kwamba aksoni hizo zinaweza kukua kwa umbali wa sentimita kadhaa endapo zitapewa kipande cha neva ya pembeni kama daraja. Hapo ndipo wazo la kiunzi lilipopata nguvu. Kama kizuizi kiko katika mazingira ya jeraha zaidi kuliko katika seli yenyewe, basi huenda mazingira mengine yanaweza kutengenezwa kwa mikono: kitu chenye vitundu vya kupitisha seli, chenye uso ambao seli zinaweza kushikamana nao, laini kiasi cha kutoumiza tishu iliyo laini mno, na kinachoyeyuka chenyewe baada ya kazi yake kuisha ili mgonjwa asihitaji kufunguliwa tena.

Kiunzi cha INSPIRE kilitengenezwa kwa polima mbili zilizounganishwa. Ya kwanza, PLGA, ni mchanganyiko wa asidi laktiki na asidi glikoliki. Imetumika kwa miongo kadhaa katika nyuzi za kushonea vidonda, na hukatwakatwa na maji ya mwili polepole hadi kurudi kuwa asidi hizo mbili, ambazo mwili unazijua na kuzitoa. Ya pili, poli-L-laisini, ina chaji chanya inayozisaidia seli kushika uso wa kiunzi. Uchaguzi huu wa malighafi ulikuwa wa busara. Haukuwa na kitu cha ajabu ambacho wasimamizi wa usalama wangekiona kwa mara ya kwanza, na sikuona katika historia yote ya kifaa hiki sababu ya kuishuku polima yenyewe kuwa sumu.

Kasoro ya kwanza iko kwingine. Msingi wa kisayansi wa kifaa ulikuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na kundi lililowahusisha Yang Teng, Erin Lavik, Evan Snyder na Robert Langer. Panya walikatwa nusu ya uti wa mgongo kwa upande mmoja, na pengo likajazwa kiunzi cha tabaka mbili: tabaka la ndani lenye vitundu lililopandwa seli shina za neva, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za neva, na la nje lenye vitundu virefu vilivyoelekezwa upande mmoja ili kuongoza aksoni. Panya waliopata kiunzi pamoja na seli waliweza baadaye kukanyaga kwa miguu ya nyuma huku wakibeba uzito wao, na tishu yao iliyokufa ilikuwa kidogo kuliko ya panya wengine. Baadaye zilifuata kazi kwa tumbili, nao pia wakiwa wamekatwa upande mmoja wa uti wa mgongo.

Linganisha hayo na kilichoingia katika chumba cha upasuaji cha Phoenix. Seli shina hazikuwemo. Kiunzi kilikuwa kitupu. Jeraha halikuwa la kukatwa kwa kisu kwa mstari ulionyooka, bali la kupondwa, ambalo ndilo jeraha la kawaida la binadamu. Aidha, mnyama aliyekatwa nusu bado ana nusu nyingine nzima inayoweza kuchukua kazi, wakati wagonjwa waliochaguliwa kwa jaribio walikuwa wale waliopimwa kuwa hawana chochote kinachopita. Kila moja ya tofauti hizi inaweza kutetewa peke yake. Kuondoa seli kulirahisisha njia ya kuidhinishwa, kwa sababu kiunzi bila seli hushughulikiwa kama kifaa, si kama tiba ya kibiolojia yenye masharti mazito zaidi. Lakini zikijumlishwa, umbali kati ya ushahidi na matumizi unakuwa mkubwa kuliko taarifa za kampuni kwa wawekezaji zilivyoweza kuonyesha.

Njia ya kuidhinishwa nayo inahitaji kuelezwa, maana ndiyo iliyoamua umbo la jaribio. Sheria ya Marekani ina mlango maalumu kwa vifaa vya magonjwa yanayowapata watu wachache: wakati ule wasiozidi 4,000 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa hadi 8,000 kwa sheria ya Desemba 2016. Mtengenezaji anayepitia mlango huo hatakiwi kuthibitisha ufanisi kama inavyofanyika kwa vifaa vingine. Anatakiwa kuonyesha kwamba kifaa ni salama na kwamba kuna uwezekano wa faida unaozidi hatari. Ni mlango wa haki, kwa kuwa wagonjwa wachache hawapaswi kusubiri majaribio ambayo kamwe hayatapata washiriki wa kutosha. Tatizo ni kwamba uwezekano wa faida ni neno linaloweza kubebeshwa karibu kila kitu kisichokuwa hasara ya wazi.

Kwa hiyo INSPIRE ya kwanza ilikuwa jaribio la mkono mmoja, yaani lisilo na kundi la ulinganisho. Wagonjwa wote waliwekewa kiunzi, ndani ya saa 96 tangu kuumia, na matokeo yao yakalinganishwa na kizingiti kilichowekwa kabla: jaribio lingehesabiwa kufanikiwa iwapo angalau asilimia 25 wangepanda kutoka daraja A ndani ya miezi sita. Kizingiti hicho kilitokana na kumbukumbu za wagonjwa wa zamani, ambazo zinaonyesha kwamba sehemu ndogo ya waliopooza kabisa kwa jeraha la kifuani hupanda daraja wenyewe bila kiunzi chochote.

Wagonjwa 19 walipandikizwa. Watatu walifariki kabla ya miezi sita, na baada ya kifo cha tatu, mwaka 2017, uandikishaji ukasimamishwa. Watafiti hawakukihusisha kifaa na vifo hivyo, na watu wenye majeraha makubwa namna hii hufa kwa sababu nyingi. Kati ya 16 waliobaki, saba walipanda daraja. Saba kati ya 16 ni karibu asilimia 44, na tarakimu hiyo ndiyo iliyorudiwa kila mahali.

Hapa nataka kukaa kidogo. Ukiwahesabu pia waliofariki kama watu ambao hawakupanda, saba kati ya 19 inakuwa asilimia 37. Ukichukua saba kati ya 16 na kukadiria mipaka ya kawaida ya asilimia 95, kiwango cha kweli kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 20 na 70 hivi. Mpaka wa chini uko chini ya kizingiti chenyewe. Na hata kama kiunzi hakifanyi kitu chochote na kiwango cha kweli ni asilimia 25 kamili, kundi la watu 16 litatoa saba au zaidi kwa bahati tu takribani mara 8 kati ya 100. Si jambo la kila siku, lakini hakuna daktari mwenye uzoefu ambaye hajawahi kukutana na bahati ya namna hiyo. Hesabu hizi hazihitaji kompyuta kubwa. Zingeweza kufanywa siku ileile matokeo yalipotoka, na zingetosha kumfanya msomaji aseme kwamba kifaa kinastahili kupimwa vizuri, si kwamba kinafanya kazi.

Kisha kuna kipimo. Daraja za AIS, kipimo cha kimataifa cha ukali wa jeraha la uti wa mgongo, kutoka A hadi E, hutegemea uchunguzi wa mikono ya daktari: kuchoma kwa pini, kugusa kwa pamba, kupima nguvu za misuli iliyoteuliwa, na kuchunguza kama kuna hisia au mkazo katika sehemu za mwisho kabisa za uti wa mgongo, S4 na S5, zinazohudumia njia ya haja kubwa. Mtu wa daraja A hana hisia wala mkazo hapo. Akipata hisia hapo bila mwendo, anaitwa B. Wengi kati ya saba waliopanda, watano, walipanda kufika B. Wawili tu walifika C. Hisia inayorudi ni jambo la thamani kwa mgonjwa, kwa ngozi yake na kwa mwili wake, na si haki kuidharau. Lakini ni badiliko linaloweza kutokana na uvimbe uliopungua, na hata na uchunguzi wa kwanza uliofanywa kwa mtu aliye katika maumivu, dawa kali za usingizi na mshtuko wa uti wa mgongo, hali ambayo reflexi na hisia huzimika kwa muda kisha zikarudi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni mahali pa jeraha. Wagonjwa walichaguliwa wenye majeraha ya kifuani kwa sababu za usalama: upasuaji ukiharibu sehemu moja zaidi ya uti wa mgongo katika eneo hilo, mgonjwa hapotezi mikono wala pumzi. Hoja hiyo haina dosari. Lakini kipimo cha AIS kina misuli teule kwa mikono, kuanzia C5 hadi T1, na kwa miguu, kuanzia L2 hadi S1. Kati ya hapo, yaani kifuani na tumboni, hakuna msuli hata mmoja unaohesabiwa. Fikiria basi kiunzi kinachofanya hasa kile kilichobuniwa kufanya: kinazisaidia aksoni kuvuka sentimita moja au mbili za tishu iliyopondeka na kuungana na seli zilizo chini kidogo ya jeraha. Kwa mgonjwa aliyeumia T4, mafanikio hayo yangerudisha labda misuli michache ya mbavu au ya mgongo, na karatasi ya AIS isingeandika chochote. Kipimo kilichotumika kiliweza kuona tu badiliko lililofika mbali sana, na badiliko la namna hiyo katika miezi sita lina uwezekano mkubwa zaidi wa kutokana na nyuzi ambazo hazikuwahi kukatika, ila zilikuwa zimezimwa na shinikizo. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kilikuwa kigumu kuona kazi ya kiunzi na chepesi kuona kupona kwa kawaida.

Upasuaji wenyewe ulileta utata mwingine. Ili kuweka kiunzi, daktari hufungua utando mgumu unaofunika uti wa mgongo, kisha hupasua uti wenyewe kidogo juu ya eneo lililopondeka. Wapasuaji wa INSPIRE walieleza kwamba majeraha hayakufanana walipoyafungua. Katika baadhi, tishu iliyokufa pamoja na damu zilitoka zenyewe kwa shinikizo mara tu njia ilipopatikana. Ikiwa mgonjwa kama huyo atapata nafuu, nani alifanya kazi? Kiunzi, au tundu lililotobolewa ili kukiweka? Mgonjwa wa kwanza wa Phoenix, ambaye nafuu yake iliwapa watu matumaini makubwa, alipata vyote pamoja: mifupa iliyonyooshwa na kufungwa, uti uliofunguliwa, na kiunzi. Aliyekuwa anatazama matokeo hakuwa na namna ya kuvitenganisha.

INSPIRE 2.0, iliyoanza baada ya jaribio la kwanza kusimama, ilikuwa jaribio la kuirekebisha kasoro kuu. Wagonjwa 20 waligawanywa kwa nasibu, kumi kila upande, na ushindi ukafafanuliwa kuwa tofauti ya angalau pointi 20 za asilimia kati ya makundi. Wagonjwa wa kundi la ulinganisho walipata matibabu ya kawaida, yaani kuondolewa mgandamizo na kuimarishwa mifupa, bila kufunguliwa utando wala uti. Matokeo ya wawili dhidi ya watatu yalifunga mjadala kwa upande wa kampuni, ambayo mwanzoni mwa 2024 iliomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Kwa upande wa sayansi mjadala haukufungwa kiasi hicho, na hapa natofautiana na wanaosema kwamba viunzi vimepimwa na kukataliwa. Kwa watu kumi kila upande, mtu mmoja ni pointi 10. Wawili kati ya kumi wanakubaliana na kiwango cha kweli cha asilimia 3 na vilevile cha asilimia 55. Jaribio la ukubwa huo lingeweza kugundua muujiza tu, si nafuu ya wastani. Lililofanya kwa uhakika ni jambo moja lenye thamani: liliiondoa asilimia 44. Watatu kati ya kumi wasiopata kifaa walipanda daraja, juu ya kizingiti cha asilimia 25 kilichodhaniwa kuwa kigumu kuvukwa bila kiunzi. Kama kundi hilo lingekuwa ndilo jaribio la kwanza la mkono mmoja, lingehesabiwa kuwa limefaulu.

Inafaa kutaja kwamba kampuni hii haikuwa peke yake. Nchini China, kundi la Dai Jianwu wa Chuo cha Sayansi cha China lilianza mwaka 2015 kuwapandikizia wagonjwa kiunzi cha kolajeni, katika baadhi yao baada ya kukata kovu la zamani, nao walianza na makundi madogo ambayo yanazaa maswali yaleyale. Katika maabara, mwelekeo umehamia kwenye viunzi vinavyobeba seli na vyenye umbo lililopimwa: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walichapa kwa mashine, ndani ya sekunde 1.6, kiunzi cha milimita 2 chenye mifereji iliyonyooka kinachofuata umbo la uti wa mgongo wa panya, wakakijaza seli changa za neva, na aksoni zikavuka kutoka pande zote mbili. Kimsingi ni kurudi kwenye wazo la 2002, kwa mikono iliyo sahihi zaidi.

Kiunzi kijacho kikifika kwa binadamu, kundi la ulinganisho linapaswa kufunguliwa utando na kuondolewa tishu iliyokufa sawasawa na kundi la kiunzi, ili tofauti ibaki kuwa kiunzi peke yake. Kuna pingamizi la kimaadili hapa, kwa kuwa ni kumpasua mtu uti bila kumpa kitu. Naona pingamizi hilo limepungua nguvu, kwa sababu kufungua na kupunguza shinikizo kunachunguzwa sasa kama tiba kwa haki yake, na mgonjwa wa kundi hilo angekuwa anapokea tiba inayoweza kumfaa. Wanaopima wasijue nani ana nini. Kipimo kijumuishe umeme wa misuli ya mbavu na tumbo, pamoja na ramani ya hisia kwa kila usawa, ili sentimita moja ya ukuaji iweze kuonekana. Na wagonjwa wa shingo, ambao kwao kurudi kwa usawa mmoja tu kunaweza kumaanisha kunyoosha kiwiko na kujihamisha kitandani bila msaada, waingizwe mara tu usalama utakapokuwa umeonekana kifuani.

Jaribio la namna hiyo litahitaji wagonjwa wengi kuliko hospitali moja inavyoweza kukusanya, na fedha zisizotegemea bei ya hisa kupanda kila mgonjwa mmoja anapotikisa mguu.